Springi ya mlango wa gereji si ya kufunguliwa kwa bisibisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye nyumba wa Mombasa, hasa sisi tunaoishi karibu na maji. Nataka kusema juu ya mlango wa gereji. Sikusudii gereji ya mafundi wa magari, bali kile chumba cha kulaza gari nyumbani. Nilikuwa fundi wa mitambo bandarini Kilindini kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo kwenye kreni, na niliyoyaona mtaani kwetu Tudor mwezi uliopita yameninyima usingizi.

Jirani yangu ni mama anayepika mahamri na viazi karai vya kuuza. Gari aliliuza zamani, na gereji ndiyo ghala na jiko lake. Mlango ni ule wa vipande vya bati unaopanda kwenye reli na kulala darini. Mwanawe alimletea kutoka Dubai. Siku moja, kabla ya adhana ya alfajiri, tulisikia mshindo mkubwa. Nilidhani ni risasi. Mke wangu akazima taa, tukalala chini sakafuni. Kumbe moja ya springi mbili za mlango ule, zile koili nene za chuma zilizo juu ya mlango, ilikuwa imekatika.

Unga ulikuwa umefungiwa ndani na wateja walikuwa njiani. Yule mama akamwita kijana wa mtaani, mtu wa bidii, anayetengeneza mabomba, mageti, na chochote anachoitiwa. Nilipofika alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa amechomeka bisibisi kwenye tundu la springi iliyobaki nzima, na kwa mkono wa pili analegeza bolti kwa spana. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja, hiyo bado ina nguvu." Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, namalizia hapa tu." Bolti ikaachia. Springi ikajisokotoa kwa ghafla, bisibisi ikamchapa mkono wa kulia chini ya kiwiko na mfupa ukavunjika mahali pawili. Sasa yuko na plasta, hana kazi, na ndiye anayemlipia mdogo wake karo.

Simlaumu hata kidogo. Alidhani mlango huinuliwa na mota, kama wanavyodhani watu wengi. Mota husukuma tu. Uzito wote hubebwa na springi. Mlango wa chuma wa kuingiza magari mawili hufika kilo 70 na zaidi, na nguvu ya kuinua kilo hizo imesokotwa ndani ya springi kila mlango unapokuwa umefungwa. Anayelegeza bolti zile bila kushika springi kwa fito za chuma zinazoenea tundu sawasawa anaufungulia mzigo mzima kwenye mkono wake. Hata kile kibano cha chini, kinachoshika waya pembeni mwa mlango, kina mzigo huohuo. Kisiguswe.

Nikauliza mlango umefanyiwa nini, na hapo nikapata kosa jingine. Mwaka jana sehemu ya chini ilioza kwa kutu, fundi akachomelea bamba zito la chuma juu yake. Kwa macho lilipendeza. Lakini springi huchaguliwa kwa uzito wa mlango, na bamba lile liliongeza kilo ambazo hakuna aliyezihesabu. Bandarini mtu hawezi kuongeza mzigo kwenye kamba ya kreni bila kuuliza kamba inabeba kiasi gani. Kwa nini nyumbani, penye watoto, tusiulize?

Kisha kuna hesabu ya umri. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000, yaani kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Nyumba inayofungua mara 4 kwa siku itapata karibu miaka 7. Yule mama hufungua mara 10, kwa hiyo siku 1,000 tu, haifiki miaka 3. Na hiyo ni springi isiyo na kutu. Hewa yetu ina chumvi, na kutu huchimba vishimo kwenye chuma, na ufa huanzia katika vishimo hivyo. Springi zikiwa mbili na moja ikakatika, badilisha zote mbili, kwa maana zimefanya kazi sawa na ya pili iko njiani.

Kutunza si gharama. Futa mlango kwa kitambaa na maji baridi yasiyo na chumvi, hasa sehemu ya chini. Tia oili nyepesi kwenye springi na bawaba. Reli ifutwe tu, usiipake grisi, maana grisi hushika mchanga. Angalia waya pale chini: ukiona nyuzi zimeanza kuchanua, usiutumie mlango. Kila baada ya miezi michache, mlango ukiwa umefungwa, vuta ile kamba nyekundu inayouachanisha na mota, uuinue kwa mkono hadi kiunoni na uuachie polepole. Ukikaa hapohapo, springi ni sawa. Ukishuka kwa uzito, ita anayejua. Kamba hiyo usiivute kamwe mlango ukiwa juu na springi imekatika, utakuangukia.

Marekani, baada ya watoto kufa kwa kubanwa na milango hii, sheria ililazimisha mota zote zinazotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 ziwe na kinga ya kumwokoa aliyenaswa. Ndiyo sababu ya yale macho mawili ya umeme yanayotazamana pande mbili za mlango na kuuzuia usishuke mtu au kitu kikiwa katikati, yasiyozidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Hapa kwetu nimeona mafundi wakiyafunga juu darini yakitazamana, ili mlango "usisumbue". Mwenye nyumba, kama yako yako huko, yashushe leo. Halafu laza ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni na ufunge mlango. Ukiugusa ubao lazima urudi juu wenyewe.

Nawaomba wanaouza milango hii mjini wamwandikie mnunuzi uzito wa mlango na kipimo cha springi zake, na wasimwachie aende kutafuta fundi wa kubahatisha. Na wenye nyumba, tusimpandishe kijana ngazi kwa shilingi mia chache kufanya kazi ambayo sisi wenyewe hatujui hatari yake. Mama wa mahamri na majirani tumechanga kulipa hospitali, lakini miezi anayokaa bila kazi haijalipwa na mtu.

Plasta ikitolewa nitamfundisha kazi hii mwenyewe. Nimekwisha kumkatia fito mbili za chuma, kila moja sentimita 45, zinaingia tundu bila kucheza. Kijana mwingine yeyote anayefanya kazi hizi na aje wajifunze pamoja.

Fundi mstaafu,
Tudor, Mombasa