Pua inayonuka si uchafu

Mhariri,

Mtu mwenye pua inayosinyaa kwa ndani (atrofiki rinaitisi) hutengwa kwa harufu, naye mwenyewe haisikii, kwa kuwa neva za kunusa zimekufa. Ajabu nyingine: nafasi ndani ya pua hupanuka, lakini yeye hulalamika imeziba, kwani ngozi laini iliyonyauka haihisi tena hewa ikipita. Kamasi hukauka na kuwa magamba ya kijani, na bakteria huyaozesha.

Msingi wa tiba ni kuosha, si dawa za kuzibua pua. Hizo hubana mishipa ya damu na kuzidisha ukavu. Chemsha maji lita 1, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi gramu 9 (kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa) na nusu kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda, si magadi ya maharage. Inama, pumua kwa mdomo, sukuma taratibu kwa sirinji isiyo na sindano. Ukisukuma kwa nguvu, maji huingia masikioni. Magamba yaliyogoma yalainishwe, yasibanduliwe kwa kucha, maana pua itatoka damu. Kisha weka matone ya gliserini yenye glukosi asilimia 25.

Daktari atafute kwanza ukoma, kaswende na kifua kikuu, na aulize kama pua iliwahi kukatwa nyama. Kuosha kukishindwa, upo upasuaji wa kufunga tundu za pua kwa miezi 6 au zaidi. Wengi huacha kuosha harufu ikipungua tu, nayo hurudi.

Wahudumu wa kliniki ya masikio, pua na koo