Steringi hafi

Sakina, Arusha

Mangi wangu,

Barua yako imefika pamoja na picha za watoto. Mkubwa amekupita bega, na mdogo kachukua pua ya ukoo wenu nzima bila kupunguza. Huku sisi wazima. Mvua zimekatika, gari limetoka gereji, wageni wameanza kuingia, kwa hiyo siku hizi kutwa niko porini nanong'ona "tulieni, simba huyo" kwa watu waliolipa ili wanyamazishwe.

Nimjibu shemeji kwanza, maana ndiye mwenye hoja nzito. Unasema watoto wakija likizo wanataka niwapeleke sinema wakaone picha ya mashujaa, na shemeji kasikia kwamba huku watu wanapiga kelele ukumbini, anaogopa watoto hawataambulia kitu. Mwambie alichosikia ni kweli, wala usimpunguzie. Ila mweleze vizuri, kwa sababu ukimwambia "kelele" tu na ukaishia hapo, mtu wa Utrecht, Uholanzi, atadhani unazungumzia fujo. Kelele za sinema yetu ya Njiro zina utaratibu kuliko vikao vya harusi ninavyochangishwa kila mwezi.

Umenichekesha uliposema huko picha inakatwa katikati, mnatoka kunywa kahawa, mnarudi, mnakaa kimya tena. Mzee wangu alikuwa akisimulia hivyo hivyo habari za sinema ya zamani ya Metropole, picha za Kihindi zikifika nusu watu wanatoka kupata soda na sambusa. Kumbe Waholanzi wamebakiza mapumziko, na sisi tumebakiza maongezi.

Na maongezi yenyewe unajua tuliyatoa wapi. Kibanda umiza, kile kibanda cha video cha Ngarenaro. Mabenchi ya mbao, gunia mlangoni badala ya pazia, televisheni imefungwa kwa mnyororo asije mtu akaondoka nayo, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa picha, ikipanda juu ya sauti ya Mzungu, ikimpa jina jipya na historia ambayo hata aliyetunga picha hakuijua. Mle ndani kulikuwa na sheria moja, na kila mtoto aliishika kabla hajashika jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Shujaa mkuu atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni penye mamba, hafi. Kwa hiyo aliyepiga kelele "Nyuma yako! Geuka!" hakuwa mjinga asiyejua kwamba yule mtu hamsikii. Alikuwa anadai haki yake kisheria. Cheka tu. Najua umeshasema: Mpare kaanza kesi.

Wewe ulikuwa umeshaondoka Black Panther ilipokuja, Februari 2018, ile picha ya T'Challa, mfalme kijana wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Sijui nikuelezeje. Watu walikuja wamevaa kama wanakwenda send-off, vitenge, dashiki, vijana wamejitanda shuka. Mimi nilikuwa na mpwa wangu, na kushoto kwetu alikaa bibi mmoja wa rika la mama yako, kitenge na sweta, kaletwa na mjukuu wa darasa la sita hivi. Picha ni Kiingereza, penye Kixhosa pana maandishi ya Kiingereza, na Kiswahili hakuna mahali. Basi yule mtoto akawa ndiye Lufufu wa bibi yake.

Mwanzoni bibi aliuliza ya kawaida. Huyu ni nani, mama yake ni yupi, mbona wale mabinti wamenyoa vipara. Alipoziona shanga na zile nguo nyekundu za walinzi wa kike akasema, "Hawa Wamasai hawa." Na hakukosea sana. Ruth Carter, aliyebuni yale mavazi na kupata Oscar kwa kazi hiyo mwaka uliofuata, alichota kwa Wamasai, na yale mablanketi ya watu wa mpakani kayatoa kwa Wasotho. Mjukuu hakuyajua hayo, akamjibu tu, "Hapana bibi, ni Wakanda," bibi akaguna kama mtu anayedanganywa.

Kisha ikafika pale inapobainika kwamba adui, Killmonger, si mtu baki. Baba yake alikuwa mdogo wa mfalme mzee, baba yake T'Challa. Mfalme akamuua ndugu yake kulekule Oakland, Marekani, akarudi zake nyumbani, mtoto akaachwa. Mjukuu akatafsiri. Bibi akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kwa sauti ambayo haikuwa tena ya kunong'ona:

"Walimwacha mtoto? Wa baba mdogo kabisa?"

Safu nzima ikageuka.

"Hilo ni kosa la ukoo," akasema. "Wamkalishe chini huyo kijana, wamwombe radhi, wachinje mbuzi. Siyo kupigana."

Nyuma yetu mtu akaitikia, "Kabisa, mama." Mwingine akasema, "Tatizo wazee walificha." Mangi, kuanzia hapo upande wetu wa ukumbi ukashindwa kumchukia adui. Killmonger alipomnyanyua T'Challa na kumtupa kwenye maporomoko, upande wa kule vijana walikuwa wanapiga kelele "hafi huyo, subirini," na upande wetu watu wanatikisa vichwa kama walioletewa habari za shamba la urithi. Na mwisho, pale Killmonger anapokataa kutibiwa, yuko ukingoni anatazama jua la Wakanda linazama, bibi akamwambia "Pole, baba," vilevile anavyomwambia mgonjwa pale hospitali ya Mount Meru.

Niliirudia hiyo picha nyumbani, peke yangu, kwenye televisheni. Ni picha nzuri. Lakini kesi ya ukoo sikuiona tena kwa uzito ule, kwa sababu aliyeileta mezani ni bibi.

Vichekesho navyo vina namna yake. Kicheko cha Njiro huja kwa mafungu mawili. Wanaokamata Kiingereza haraka wanacheka kwanza, kisha kuna mnong'ono unapita kwenye safu, kisha wanacheka waliotafsiriwa, na hawa wa pili ndio wanaocheka kwa nguvu kwa sababu mara nyingi mtafsiri ameongeza chumvi. M'Baku, mkuu wa kabila la milimani, anamtisha yule Mzungu wa CIA kwamba akiongeza neno atamlisha watoto wake, halafu anacheka, anasema wao hawali nyama. Fungu la kwanza likacheka kwa adabu. Fungu la pili lilipopata habari, jitu la kifua kile, na tuko kwenye mji wa nyama choma za Kwa Mromboo, jamaa mmoja akapayuka, "Hali nyama? Mwili ule kaujengea nini, mchicha?" Yaliyosemwa kwenye picha baada ya hapo sikuyasikia mpaka nilipoirudia.

Na kuna pale Shuri, dada yake T'Challa, anapomwita yuleyule Mzungu mkoloni, kwa kuwa kamshtua. Mbele yetu kulikuwa na wasichana wa kujitolea, wale wa kufundisha miezi mitatu kisha wanarudi kwao. Wao ndio waliocheka kwanza, mmoja akajifunika uso. Ukumbi ukacheka, kisha nusu ya ukumbi ikanyoosha shingo kuwaangalia kama bado wanacheka. Walikuwa bado wanacheka. Mtu akawarushia "karibuni sana, wakoloni," nao wakapunga mikono. Mimi ninayeishi kwa kuendesha Wazungu nilikuwa nimekaza mikono kwenye kiti, nikalegea.

Kilichofuata Aprili ya mwaka uleule, Infinity War, ndicho kilichovunja sheria ya kibanda. Umeiona, sihitaji kukueleza. Thanos, adui wao, anapiga vidole, mashujaa wanaanza kupukutika kuwa vumbi. T'Challa anampa Okoye, mkuu wa wale walinzi wa kike, mkono amwinue, na yeye ndiye anayepotea. Miezi miwili tu tangu tumvalie vitenge! Kijana mmoja akasimama na bisi zake mkononi akasema, "Hamna. Hamna, steringi hafi," kwa sauti ya mtu anayemkumbusha refa. Majina yakaanza kupanda, taa zikawaka, hakuna aliyetoka. Wengine walikuwa wanangoja kile kipande ambacho Marvel, wenye picha hizi, huweka baada ya majina. Wengine, naapa, walikuwa wanangoja wasahihishiwe.

Tukasahihishiwa baada ya mwaka mzima. Mwaka mzima watu wanabishana kwenye vifodi! Endgame, mwendelezo wake, ilikuja mwishoni mwa Aprili 2019, mvua zimefunga kazi, madereva wa watalii tuko mjini hatuna shughuli, kwa hiyo safu mbili tatu zilikuwa za sisi sisi tunaofahamiana kwa namba za magari. Saa tatu za picha, na mtu anabana mkojo asikose kitu. Nyundo ya Thor ilipoinuka na kwenda mkononi kwa Captain America, mlinzi alifungua mlango kuchungulia kuna nini. Halafu yale malango ya mwanga yakaanza kufunguka, waliopukutika wanarudi, na wa kwanza kutoka, akiwa na Okoye na dada yake, ni T'Challa. Mangi, nilikumbatiwa na mtu ambaye mpaka leo simjui. Maneno ya dakika zile hayakusikika, na sikumsikia hata mmoja akidai arudishiwe hela.

Ukinielewa hapo utanielewa na hili. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020, saratani ya utumbo mpana, miaka 43. Novemba 2022 ikaja Wakanda Forever, mwendelezo wa Black Panther, na kila aliyeingia alijua kwamba safari hii sheria imeshindwa nje ya ukumbi, hakuna atakayesahihisha. Ile nembo ya Marvel ya mwanzoni waliitengeneza kwa sura zake tupu, bila muziki. Watu walewale, wa mchicha na wakoloni, hakuna aliyekohoa. Msiba wa T'Challa ulipoanza kwenye picha, wote wamevaa nyeupe, mama mmoja nyuma akalia, siyo kwa kujificha, akalia kama mtu aliyefika matangani. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilikuwa zamu yake.

Sasa, kelele za hovyo zipo, nisimdanganye shemeji. Kuna jamaa alipokea simu katikati ya vita, akainama chini ya kiti akasema, "Niko kwenye kikao, bosi," na hapo bomu likalipuka kwenye spika. Huyo alisaidiwa na safu nzima, waliomwitikia "kikao kinaendelea, bosi!" mpaka akakata. Wapo wanaotuma video kwa simu na taa yote usoni kwa wenzao. Mbaya kuliko wote ni yule aliyekwisha kuiona, anayekutangulia: "Angalia sasa, huyu anakufa." Huyo ningemshitaki kweli, na gharama ningelipa. Lakini huwa wanamshughulikia wenyewe. Anaambiwa mara moja kwa utani, mara ya pili anaambiwa na mwanamke, na hapo huwa ananyamaza.

Kwa hiyo tufanye hivi. Shemeji akitaka utulivu, nitampeleka siku ya kazi, mchana, atakaa na viti vitupu na kiyoyozi chake. Mwambie abebe sweta. Watoto waje na mimi Jumamosi jioni, wiki ya kwanza picha ikitoka, kwa sababu baada ya hapo wanaotangulia wanakuwa wengi. Tutakaa katikati. Pembeni kule wanakaa wapenzi na hawachangii chochote. Tusitoke kabla ya majina kwisha.

Shida yao haitakuwa kusikia picha, Mangi. Kiingereza wanacho kuliko sisi. Shida yao itakuwa kutousikia ukumbi. Mtu atapayuka, watu mia watacheka, na wanao watabaki wanatazama kioo kutafuta kilichochekesha. Kwa hiyo nitamweka mpwa wangu katikati yao. Siku hizi yuko chuo na Kiingereza chake kimenyooka, awatafsirie maneno ya watu. Nimeshamwambia, kakubali, ila anadai alipiwe tiketi na bisi kubwa, na bili hiyo nimeielekeza kwako kama baba mzazi. Mdogo mfundishe "nyuma yako" na "hafi huyo" kabla hamjapanda ndege. Akikosea matamshi ndiyo watampenda zaidi.

Mama yako nilimpitia Machame nilipokuwa nashusha wageni wa mlima. Yuko vizuri, goti tu, na anasema umpigie Jumapili siyo Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu yuko sokoni na hakusikii. Kanipa ndizi mkungu mzima. Uje na jibini, lile gumu la manjano, siyo lile la mwaka jana lililonuka gari wiki nzima.

Msalimie sana shemeji, na uniandikie tarehe mapema kabla sijachukua safari za watu.

Ni mimi,
Mpare wako