Barua kwa Mwanangu: Sikukuuliza Matairi

Kihonda, Morogoro

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatembea vizuri. Ujumbe wako nimeupata. Mama yako alinifikishia kama ulivyousema: "Mwambie baba nimebadilisha matairi yote manne, asiwe na hofu." Nimeshukuru. Ila mimi sikukuuliza matairi.

Nilichokuuliza, na hukunijibu, ni utalala saa ngapi kabla ya kuanza hii safari yenu ya likizo Ufaransa.

Nimepiga hesabu hapa mezani. Alhamisi usiku uko wodini. Unatoka Ijumaa saa moja asubuhi. Nyumbani kuna watoto wawili waliofunga shule na mizigo haijapakiwa, kwa hiyo usiniambie kwamba utalala mchana. Jioni unatoka Leicester kwenda Dover, karibu kilomita 300. Feri ni saa tano usiku, saa moja na nusu majini, na saa za Ufaransa ziko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo unashuka Calais saa saba na nusu usiku kwa saa zao. Halafu, kwa maelezo ya mama yako, mpango ni kuunganisha mpaka kupambazuke, kwa sababu watoto watakuwa wamelala na barabara itakuwa nyeupe.

"Watoto wamelala, barabara nyeupe." Maneno hayo hukuyaokota Uingereza. Ni yangu.

Usifikiri napinga safari. Nimeziangalia picha za hilo gari ulilolitengeneza mwenyewe liwe la kulala safarini, mpaka Zuhura akaniambia nitamaliza chaji ya simu yake. Vitanda umefunga vizuri. Sinki umelipatia, na lile kabati la mitungi ya gesi umelitobolea tundu la hewa chini, kwenye sakafu, kama inavyotakiwa, maana gesi ya kupikia ni nzito, ikivuja inatambaa chini. Hilo sikukufundisha mimi. Nimewaonyesha picha wazee wenzangu pale kijiweni, nikawaambia huyu ni muuguzi, useremala kajifunza usiku akirudi kazini. Mkeo naye kapaka rangi ya kijani ya kupendeza. Mpe salamu zangu, mwambie mkwe wake amelisifu gari.

Lakini kutoka Calais mpaka bahari ya kusini ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni kama kutoka Dar mpaka Tunduma, na ukifika Tunduma bado unadaiwa. Wewe unataka kuuanza mwendo huo saa nane usiku, baada ya zamu.

Madereva wa malori huko Ulaya, ambao hiyo ndiyo kazi yao na wamelala, sheria inawataka wakishaendesha masaa manne na nusu wapumzike dakika 45. Kwenye barabara kuu za Ufaransa wanawahimiza watu wasimame kila baada ya masaa mawili, na wametengeneza viegesho njia nzima, vingine vina choo na bembea za watoto. Huku kwetu nilisimama abiria wangu wakiomba kuchimba dawa, tena kwa kulalamika. Wewe barabara yenyewe inakubembeleza usimame.

Zuhura amenisomea jambo simuni ambalo tangu juzi halijanitoka. Tarehe 31 Julai 1982, usiku wa manane, mvua inanyesha, kwenye barabara kuu ya A6 karibu na mji wa Beaune, magari yalikuwa yamepunguza mwendo kwa msongamano. Mabasi mawili yaliyobeba watoto wanaokwenda likizo yakayavaa magari ya mbele, moto ukawaka. Walikufa watu 53, wengi wao watoto. Mpaka leo, kila mwaka, kuna Jumamosi ya msimu huo ambayo serikali hairuhusu mabasi kusafirisha vikundi vya watoto safari za mbali. Nikamwambia Zuhura atafute ramani. Beaune iko njiani kwako, Hamisi, kati ya Dijon na Lyon. Na nyinyi mnaondoka wikiendi ile ile, mwisho wa Julai kuingia Agosti, wakati wenye likizo ya Julai wanarudi makwao na wenye ya Agosti wanakwenda. Wafaransa wana huduma yao ya kutabiri foleni inaitwa Bison Futé. Kila siku wanaipa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, na nyeusi kwa siku mbaya kuliko zote. Iangalie kabla ya kuondoka. Wakisema nyeusi, wewe kaa kambini watoto wacheze mpira.

Sasa nakuja kwenye usingizi wenyewe, maana naona unaufikiria kama ule wa wodini, ambao unatembeatembea, unanawa uso, unamwangalia mgonjwa mwingine. Wa usukani hauji hivyo. Macho yanabaki wazi, mikono iko mahali pake, gari liko kwenye mstari. Kinachoondoka ni kumbukumbu. Unashtuka unaona mbuga ya Mikumi umeshaivuka, lakini hayo matuta ya mbugani huyakumbuki, na uliyapita yote. Ukiona kilomita kumi za nyuma hazimo kichwani, umeshalala tayari. Hapo hakuna dirisha la kufungua litakalokusaidia. Mimi nimefungua madirisha, nimetafuna karanga, nimelamba ndimu, nimejimwagia maji shingoni, nimeimba. Kahawa nimekunywa mpaka mikono inatetemeka, na bado shingo inakatika. Dawa ni kuegesha na kulala, hata dakika ishirini, gari limezimwa na umelaza kiti.

Barabara zao kuu pembeni kuna mistari ya vinundu. Gurudumu likipanda, gari zima linanguruma, linakuamsha. Huku hatukuwa nayo.

Huku pembeni kulikuwa na mawe.

Ya Doma siyarudii. Ulikuwa na miaka sita, na mkono wako wa kushoto unaujua mwenyewe. Lakini nimesikia juzi umemsimulia Salma kwamba babu alipasukiwa na tairi la mbele, na ndiyo maana baba yake hafanyi mchezo na matairi. Mwenye gari nilimwambia tairi. Polisi nikawaambia tairi. Mama yako naye nilimwambia tairi, akiwa kitandani amefungwa bega, akanitazama tu. Tairi lilipasuka kweli, Hamisi, vipande vyake vilionekana. Lilipasuka kwenye jiwe. Na jiwe lilikuwa hatua saba nje ya lami, na mama yako kwa miaka yote hii hajaniuliza gari lilifuata nini huko.

Nilikuwa nimeshusha mzigo Makambako usiku wa kuamkia siku hiyo. Ninyi mlikuwa mmelala. Barabara ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo matairi yako mapya nimeyafurahia, lakini usije ukayafanya ndiyo kinga. Nimekufundisha vibaya wapi pa kuangalia.

Fanya hivi. Ukishuka Calais usiende popote. Pale pale jirani na bandarini kuna mahali pa kuegesha magari ya kulala. Tafuta kabla hujaondoka nyumbani, lipia, lala mpaka watoto wakuamshe wenyewe. Kesho yake nenda Reims tu, hazifiki kilomita 300. Kesho kutwa songa tena kidogo. Usilale usiku kucha kwenye viegesho vya barabara kuu, wezi wanavijua. Toka barabarani, ingia vijijini, manispaa nyingi za Ufaransa zina kambi zao na bei si kubwa. Mnafika saa tisa mchana, Salma anaoga, Idi anakimbia, nawe unakaa na mkeo mnakunywa chai. Kama kusini kwenyewe hamtafika mwaka huu, basi. Salma hana kiapo na bahari ya kusini.

Na watoto wasilale kwenye hivyo vitanda gari likitembea. Najua ndiyo raha ya gari lenyewe, na najua watakulilia. Kwenye viti, mikanda, Idi kwenye kiti chake cha mtoto. Wewe mkono wako uliuvunjia kitandani nyuma ya kiti cha dereva. Nani alikulaza pale, unajua.

Jambo lingine ni upande wa kushika. Wewe umezoea kushoto huko kama sisi huku, na Ufaransa ni kulia. Nilipokuwa napeleka mzigo Kigali, pale darajani Rusumo unaingia umeshika kushoto, unatoka ng'ambo umeshika kulia. Siku hiyo hukosei, maana unaogopa. Unakosea asubuhi ya pili. Umelala, umeshiba, unatoka kituo cha mafuta na hakuna gari hata moja barabarani la kukukumbusha, mkono unajikunjia kushoto wenyewe. Mkeo awe utingo wako hapo. Kila mnapotoka kituoni au kambini aseme kwa sauti: kulia. Salma naye aseme, watoto wanapenda kazi za namna hiyo. Na kwa kuwa usukani wenu uko kulia, ukitaka kulipita lori huoni mbele. Mkeo ndiye anayeona. Kama naye kalala, usipite. Kaa nyuma ya lori, hakuna anayekufukuza.

Mwendo wao barabara kuu ni 130, mvua ikinyesha 110. Wewe na hilo kabati la vyombo sitaki nisikie hata 110. Na usijaze tangi la maji nyumbani. Lita mia ni kilo mia, unazibeba za nini mpaka Dover? Jaza kambini. Gari la namna hiyo likizidi uzito breki zinachelewa, na huko mizani wanayo pia.

Mama yako amekasirika kidogo, ni vizuri ulijue. Anasema wiki tatu za Ufaransa zipo, za Morogoro hazipo tangu Idi hajazaliwa. Mimi nimemwambia nauli ya watu wanne kwa ndege si sawa na dizeli. Lakini na mimi nimehesabu miaka. Hilo tutaliongea siku nyingine, usilifanye sababu ya kukata simu haraka.

Ila nikuambie na hili. Nimeikata ile mbuga ya Mikumi miaka 27, kwenda na kurudi. Kilomita hamsini za wanyama, na watu wanatoka Ulaya kulipa fedha kuwaona. Sikuwahi hata siku moja kusimama niwashushe wewe na dada yako pale getini mtazame tembo. Mlikuwa mnawaona kwa dirisha, gari linakimbia, mnagombania upande. Wewe umemwekea Salma kidirisha chake mwenyewe, kimo chake. Nimekiona kwenye picha.

Mabati ya jikoni yameshapigwa. Fedha uliyotuma ilitosha, na imebaki elfu arobaini na mbili, iko kwa mama yako. Fundi alitaka kuongeza mbao mbili nikamkatalia, halafu usiku upepo ukavuma nikaona kweli zinahitajika, kwa hiyo atarudi Jumatatu. Mabati manne yaliyobaki nimeyalaza nyuma ya banda la kuku. Shemeji yako anayataka, nimemwambia asubiri kauli yako. Mwembe umezaa sana msimu uliopita lakini tawi la upande wa barabara inabidi likatwe, linagusa waya. Dawa yangu ya presha nakunywa kila siku, Zuhura ananisimamia kama askari. Chumvi ya mezani nimeiacha, ya kwenye mboga bado.

Barua hii Zuhura ataipiga picha akutumie leo hii, maana kwa posta itakukuta umesharudi. Jana alitaka nizungumze tu nirekodiwe sauti. Nimekataa. Mambo ya Doma nisingeweza kuyasema huku mama yako yuko uani anachambua mboga.

Simu yangu itakuwa chini ya mto Ijumaa yote na usiku wake. Ukishuka Calais usiniandikie "tumefika." Niandikie "tumelala," uandike ukiwa umeshavua viatu.

Mbusu Salma, mbusu Idi. Msalimie mama Salma.

Ni mimi baba yako.

Nimesahau: kwa kuwa umefunga matairi mapya, zile nati za magurudumu zikaze tena ukishatembea kama kilomita hamsini. Usimwachie fundi, kaza mwenyewe, na usikaze kwa mzunguko. Ukikaza hii, inayofuata ni ile ya kutazamana nayo.