Tuwekeeni hata karatasi ukutani

Mhariri,

Juzi kijana wa jirani alibebwa na polisi usiku, tukazunguka na mamake stesheni tatu, kila mahali ni "hayuko hapa, jaribu kule". Kwani mtu akikamatwa si anaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi? Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 49 inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24 kama si wikendi, na cha 35 inatupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali. Huko Marekani masherifu wengi wanaweka majina ya walioko jela kwa intaneti, ingawa hapo kwa kuweka na picha zao wanazidisha, mtu hata hajahukumiwa. Sisi karatasi tu ya majina ukutani mwa stesheni ingetosha. Tulimpata kesho yake, stesheni ile ile ya kwanza.

Jirani aliyechoka