Barua kwa Rajabu: sumaku ya molekuli moja

Kampala

Rajabu swahiba,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetushika na boda-boda nao wamepandisha nauli. Wasalimie wote hapo Bugiri, hasa mama.

Ama baada ya salamu, swali lako limeninyima usingizi. Umefungua hadi diski mbovu ya kompyuta ya mteja, ukatoa zile sumaku mbili, moja ikaanguka ikavunjika, na kila kipande kikabaki sumaku kamili. Sasa unataka kujua: ukizidi kuvunja, usumaku unakatika wapi?

Ukifikia chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), mara nyingi joto la chumbani tu linatosha kuugeuzageuza mwelekeo wake. Usumaku bado umo, lakini chembe imesahau ulikoielekeza, na kitu kinachosahau hakiwezi kutunza faili la mteja wako.

Wanakemia wakapita njia nyingine. Badala ya kuvunja kubwa, walijenga kutoka chini, atomu kwa atomu. Mwaka 1980 Tadeusz Lis, mwanakemia wa Poland, alitengeneza fuwele nyeusi zenye molekuli ya atomu 12 za metali ya manganizi zilizoshikanishwa na oksijeni. Viungo vyake vitakuchekesha: chumvi ya manganizi, asidi ya siki, na pamanganeti ya potasiamu, ile ile ya zambarau iliyotuchafua vidole kwenye bureti tulipokuwa S6, kidato cha sita!

Hesabu yake naipenda mno. Manganizi 8 zimezunguka nje, kila moja ina elektroni 4 zisizo na mwenzi (kila elektroni ya namna hiyo ni kama kisumaku kidogo), jumla 32. Zile 4 za ndani zina 3 kila moja, jumla 12, nazo zinaelekea upande wa pili. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba: 32 huku, 12 kule, zinabaki 20 zinazovuta pamoja. Tena zile 8 za nje zina maumbo yaliyorefuka karibu kuelekea upande mmoja, kwa hiyo usumaku unapenda kusimama juu au chini tu. Kugeuka kunataka nishati.

Mwaka 1993 Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao wa Florence, Italia, wakaonyesha kwamba kila molekuli inashika usumaku wake yenyewe, bila kutegemea jirani. Kwenye nyuzi 271 chini ya sifuri, ulikoielekeza inabaki huko kwa miezi. Ipashe joto kidogo tu, imesahau. Na hata kwenye baridi hiyo ina ujanja: mwaka 1996 ilionekana kwamba molekuli zinaweza kukipenya kizuizi cha nishati bila kukipanda, jambo ambalo fizikia ya kawaida hairuhusu. Ukichora jinsi usumaku unavyobadilika, mstari unashuka kwa ngazi ngazi.

Kwa hiyo mtu akikwambia diski za molekuli ziko njiani kuja dukani kwako, muulize kwanza ataziweka kwenye friji gani. Baridi hiyo inataka heliamu ya kimiminika, na bei yake haisemeki.

Baadaye watu wakapunguza tamaa ya kurundika metali nyingi. Atomu moja ya disprosiamu, metali mojawapo ya kundi la madini adimu, ikibanwa vizuri kati ya pete mbili za kaboni, inashinda zile manganizi 12 zote. Mwaka 2018 molekuli ya namna hiyo ilishika kumbukumbu hadi kelvini 80 (nyuzi kama 193 chini ya sifuri), juu ya kiwango cha naitrojeni ya kimiminika, ambacho ni 77. Naitrojeni ni rahisi, hata mafundi wa kupandisha ng'ombe mbegu wanaibeba kwenye mitungi yao. Mwaka 2025 nyingine ya disprosiamu ikafika 100. Bado ni nyuzi 173 chini ya sifuri, lakini mimi naona huo ndio mwendo wenye maana, kuliko kelele za diski.

Na hiyo disprosiamu unaikanyaga, ndugu yangu. Udongo wa Makuutu, hapo jirani yenu, una madini adimu ya kundi hilo, disprosiamu na terbiamu zikiwemo, pamoja na neodimiamu iliyo ndani ya sumaku zako za diski. Ukipita huko nichukulie kiganja kimoja cha udongo, ukiweke kwenye mfuko wa kaveera, umpe dereva wa teksi ya Kampala. Nataka wanafunzi wangu wauone kabla sijawafundisha jedwali la elementi. Na ile sumaku nzima usiiuze.

Wako,
Hamisi