Namba ya umri kwenye boksi la gemu haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongee na wazazi wenzangu kuhusu gemu za mkononi, maana Krismasi inakaribia na maduka ya Kariakoo yameshaanza kupanga mbele vile vimashine vya bei nafuu vinavyojinadi kuwa na michezo 400.

Mwaka jana nilimnunulia mwanangu, wakati huo akiwa na miaka mitano, kimashine cha aina hiyo. Siku ya pili nilimkuta sebuleni amekifungua mgongo kwa ukucha, ameshika betri bapa kama zile za simu za batani, kwa sababu mfuniko haukuwa na skrubu hata moja. Usiku ule nilikaa nacho mwenyewe, nikaona kwamba mingi ya michezo hiyo ni ya enzi za mashine ya Famicom iliyotoka Japani mwaka 1983, kwamba baadhi inajirudia, na kwamba askari wanaomiminiana risasi wamewekwa ukurasa mmoja na mchezo wa kupanga matofali. Kwenye boksi hapakuwa na namba yoyote ya umri.

Najua nitaambiwa kwamba urahisi ndio ulioniponza, na kwamba ningenunua cha orijino chenye gemu zilizopewa alama za umri. Sipingi, ila alama zenyewe tunazisoma vibaya. PEGI, mfumo wa kuzipa gemu alama za umri unaotumika Ulaya tangu mwaka 2003, hutoa namba 3, 7, 12, 16 au 18 kwa kupima yaliyomo, kama vile ukatili, matusi na kamari. Haipimi ugumu wa mchezo. Ndiyo maana gemu ya mpira wa miguu inaweza kubeba namba 3, huku ikimtaka mchezaji asome menyu za Kiingereza na kubonyeza batani mbili kwa mpigo, jambo ambalo mtoto wa chekechea hawezi, naye huishia kulia au kukitupa chombo chini.

Mashine za mtumba nazo zina mambo yake. Nintendo 3DS ya mwaka 2011, kwa mfano, ilitoka na onyo la mtengenezaji mwenyewe kwamba watoto wa miaka sita kushuka chini wasitazame picha zake za pande tatu, na ndani yake mna sehemu ya mzazi kuzifunga. 2DS iliyofuata mwaka 2013 haina picha hizo kabisa. Mashine ikifika kwetu bila boksi wala kijitabu, onyo hilo nalo linakuwa limebaki huko ilikotoka.

Mimi siku hizi naingia dukani na mtoto mwenyewe. Namwomba muuzaji awashe mashine, namwachia mtoto acheze dakika kumi bila kumsaidia, kisha nautia ukucha mfuniko wa betri kabla sijauliza bei.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam