Usizime faiawoli kabla ya kulikagua faili

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoshauriana kuzima faiawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) ya kompyuta ya nyumbani kila inapotoa onyo. Hiyo ni sawa na kung'oa mlango kwa kuwa mtu amebisha hodi.

Kwanza, onyo liwe la kweli. Lile la Windows hutaja programu, mtengenezaji wake na mahali faili lilipo, kisha huuliza kama iruhusiwe kupokea mawasiliano kutoka kwenye mtandao. Halina king'ora wala namba ya simu. Likitokea ndani ya kivinjari na kukutaka upige simu, ni utapeli: bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager (orodha ya programu zinazoendeshwa), ukifunge kivinjari humo, na ukikifungua tena usirejeshe kurasa za awali.

Onyo likiwa halisi, anza na mahali faili lilipo, maana jina huigwa kirahisi. Kwa mfano svchost.exe, faili la Windows yenyewe, likiwa halali hukaa C:\Windows\System32. Ukilikuta kwenye Temp, folda ya faili za muda, una sababu ya kushtuka. AppData, folda ya data za programu za mtumiaji, ni utata, kwani hata Zoom huweza kukaa humo. Hapo fungua sifa za faili uangalie saini ya kidijitali ni ya nani.

Kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike netstat -abno. Kila muunganisho utaonekana na programu inayoutumia pamoja na namba ya PID (utambulisho wa programu inayoendeshwa), ambayo utaitafuta kwenye Task Manager. Anwani 127.0.0.1 ni kompyuta yenyewe. Zinazoanza na 192.168 kwa kawaida ni printa, simu au ruta ya humo humo ndani.

Wengi wanakwama kwenye kanuni zinazobaki. Ukiruhusu mara moja, ruhusa hudumu. Ukighairi, Windows huweka kanuni za kuzuia, na wiki kadhaa baadaye gemu au skana inagoma, mtu anaamua kuzima faiawoli nzima. Fungua wf.msc, dirisha la kanuni za faiawoli, nenda kwenye kanuni za mawasiliano yanayoingia, ufute zile tu za programu husika. (Programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, inayoagiza uzime faiawoli kwanza, iache ilipo.)

Tena, ukimya si salama. Kwa mpangilio wa kawaida faiawoli ya Windows haizuii yanayotoka, hivyo kirusi kilichokwisha kuingia hupeleka data nje bila onyo lolote. Ndiyo maana netstat ina kazi hata pasipo onyo.

Faili likitia shaka, zima Wi-Fi au chomoa waya kabla ya lolote. Hifadhi kazi zako, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajiwasha upya na ukaguzi huchukua kama dakika 15. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe kwenye kifaa kingine, si hicho.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro